Shule Zilipofungwa, Nani Alimuuliza Mtoto?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na walimu. Tunaichapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu wote.)



Wazee wangu waheshimiwa, akina mama, ndugu zangu na vijana wapendwa,

Jambo nililopewa nilizungumze leo ni elimu ya watoto wetu wakati mlango wa shule umefungwa. Huenda mtu akajisemea moyoni: hayo si yamekwisha? Watoto wanavaa sare kila asubuhi, kengele inagongwa, na korona imebaki katika masimulizi. Ni kweli tumevuka, na shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu. Lakini mtihani ambao watu wameupita bila kujiuliza umewafundisha nini, huweza kurudi ukawakuta pale pale ulipowaacha.

Wala hatuzungumzi habari za mbali. Mwezi Novemba 2022 serikali ya Uganda ilifunga shule majuma mawili kabla ya muda wake kwa sababu ya Ebola. Mwaka 2024 muhula wa pili nchini Kenya, uliotazamiwa kuanza mwishoni mwa Aprili, ulicheleweshwa hadi tarehe 13 Mei kwa sababu ya mafuriko. Kwa hiyo suala la shule kufungwa halikuzikwa pamoja na mwaka 2020. Leo ni maradhi, kesho ni maji, na kesho kutwa ni jingine tusilolijua. Yatupasa basi tukae tuulizane: wakati ule, nani aliendelea kujifunza, nani aliachwa njiani, na kwa sababu gani?

Siku mlango ulipofungwa

Tukumbushane kwanza yaliyotokea. Mwezi Machi 2020 nchi zetu zilifunga shule, moja baada ya nyingine, katika siku chache tu. Kenya ilitangaza kufunga tarehe 15 Machi. Tanzania ilitangaza tarehe 17 Machi, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa. Uganda ilifunga tarehe 20 Machi. Ilipofika Aprili, kwa hesabu ya UNESCO, wanafunzi wapatao bilioni 1.6 duniani kote walikuwa nje ya madarasa yao. Tangu wanadamu wajenge shule hawajapata kuzifunga nyingi kiasi hicho kwa wakati mmoja.

Kufungua hakukuwa sawa. Tanzania iliwarudisha wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo tarehe 1 Juni 2020, na waliobaki tarehe 29 Juni. Kenya ilirudisha madarasa matatu tu tarehe 12 Oktoba, yaani darasa la nne la mtaala mpya, darasa la nane na kidato cha nne, na wengine wote wakangoja mpaka tarehe 4 Januari 2021. Nchini Uganda baadhi ya madarasa yalirudi, kisha shule zikafungwa tena Juni 2021, na milango haikufunguliwa kwa watoto wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Hiyo ni karibu miaka miwili. Mtoto aliyekuwa anajifunza kuunganisha silabi shule zilipofungwa, alirudi akiwa na umri wa mtoto anayepaswa kusoma kitabu kizima.

Vyombo vilivyotafutwa

Haitakuwa haki kusema kwamba watu walikaa kimya. Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa vipindi vya masomo vilivyorushwa redioni na kwenye televisheni. Nchini Kenya, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilipeleka masomo katika Idhaa ya Taifa ya redio ya KBC, katika chaneli yake ya televisheni na katika intaneti. Uganda ilichapisha masomo ya kujisomea nyumbani, mengine yakitolewa kupitia magazeti. Shule zenye uwezo ziliwafundisha wanafunzi kwa kompyuta, mwalimu akionekana upande mmoja na wanafunzi upande wa pili. Hata baadhi ya walimu wa madrasa zetu walirekodi sauti zao wakisoma, wakazituma kwa simu, na watoto wakarekodi usomaji wao na kuurudisha.

Kulikuwa na mradi mmoja uliostaajabisha wengi. Mwezi Julai 2020 kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya kampuni mama ya Google, ilishirikiana na Telkom Kenya kuleta intaneti kwa njia ya mabaluni. Mabaluni yapatayo 35 yalielea angani, umbali wa takriban kilomita 20 kutoka ardhini, yakitumia nguvu ya jua, ili yafikishe mawasiliano katika eneo la karibu kilomita za mraba 50,000 za Kenya. Ilikuwa kazi kubwa ya akili za wanadamu. Lakini Januari 2021 kampuni hiyo ilitangaza kwamba inafunga shughuli zake, kwa kuwa gharama hazikuwa zikirudi, na huduma ikakoma mwaka huo huo. Mtoto wa kijijini alitazama juu, baluni likapita, kisha likaondoka.

Na hata pasipo mabaluni, intaneti yenyewe iliwafikia wachache. Desemba 2020 UNICEF pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano walitoa taarifa kwamba watoto bilioni 1.3 wenye umri wa miaka 3 hadi 17, yaani wawili katika kila watatu duniani, hawakuwa na intaneti nyumbani kwao. Kwa Afrika ya Mashariki na ya Kusini walio nayo walikuwa 13 tu katika kila 100. Maana yake ni kwamba katika darasa la watoto 100, mwalimu aliyefundisha kwa kompyuta aliwaacha nje 87, naye hana nia mbaya hata kidogo.

Wapendwa ndugu zangu, mara nyingi tunapofika hapa mazungumzo hugeuka kuwa kilio cha vifaa. Tunasema: laiti tungekuwa na kompyuta, laiti kungekuwa na umeme, laiti vifurushi visingekuwa ghali. Yote hayo ni ya kweli na yanastahili kudaiwa. Lakini nataka tusiishie hapo, kwa maana kuna jambo lililoonekana wazi katika muda ule ambalo halihitaji baluni wala kompyuta.

Sauti iliyoulizwa swali

Tuanze na kisa cha zamani. Mwezi Septemba 1937 mji wa Chicago nchini Marekani ulikumbwa na ugonjwa wa kupooza wa polio, na shule zikashindwa kufunguliwa. Wakuu wa elimu wakaamua kufundisha kwa redio. Vituo vya redio vilitoa nafasi, kila somo likawa la dakika 15, na magazeti yakachapisha kila siku ratiba pamoja na maswali ya kufanyia kazi. Masomo hayo yalikusudiwa watoto zaidi ya 300,000. Aidha waliwekwa walimu wa kujibu simu za wazazi. Siku ya kwanza peke yake ziliingia simu zaidi ya 1,000, ikabidi walimu waongezwe. Tazameni: redio ilikuwa inasema, na bado watu walikimbilia simu. Kwa nini? Kwa sababu redio husema lakini haisikilizi. Mtoto aliyekwama katikati ya hesabu hawezi kuiambia redio, "Rudia hapo, sijaelewa."

Nchini Zambia jambo hili lilieleweka mapema. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa masomo ya redio uitwao Learning at Taonga Market kwa ajili ya watoto wasio na shule, wengi wao yatima. Wenye mpango huo hawakugawa redio na kuondoka. Katika kila kituo aliwekwa mtu mzima wa pale pale kijijini, ambaye mara nyingi hakuwa mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Kazi yake ilikuwa kuwakusanya watoto, kufungua redio, na kuhakikisha kwamba redio inapouliza, kila mtoto anajibu. Ndugu zetu wa Zanzibar nao wanakumbuka vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, vilivyowafundisha watoto wadogo kwa njia hiyo ya kuuliza na kujibu, huku mtu mzima akiwa pamoja nao.

Sasa tuje mwaka 2020 wenyewe. Nchini Botswana kulikuwa na shirika la vijana liitwalo Young 1ove, lililokuwa likisaidia shule za msingi. Walipoona kwamba shule zinakaribia kufungwa, walifanya jambo moja jepesi sana: walikusanya namba za simu za wazazi, zaidi ya 7,000, kabla watoto hawajatawanyika. Shule zilipofungwa wakawa na njia ya kuwafikia. Wakazigawa kwa kura familia zipatazo 4,500 za watoto wa darasa la tatu hadi la tano katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilipelekewa kila juma ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu. Fungu la pili lilipelekewa ujumbe ule ule, kisha mwalimu akapiga simu kila juma, akazungumza na mzazi na mtoto kwa dakika 15 hadi 20 na kulifanya swali pamoja nao. Fungu la tatu halikupata kitu katika muda ule. Simu zilizotumika ni zozote zile, hata zile ndogo tunazoziita vitochi.

Mwishoni watoto walipimwa. Wale waliopokea ujumbe peke yake hawakuonyesha tofauti ya wazi na wale wasiopata kitu. Wale waliopigiwa simu walisonga mbele katika hesabu. Ujumbe ulikuwa mmoja, maswali yalikuwa yale yale. Kilichoongezeka ni sauti ya mtu inayomwuliza mtoto kila juma: umefanyaje? Hebu nieleze.

Na kuna faida nyingine iliyopatikana. Wazazi waliosikiliza mazungumzo yale walianza kujua kwa usahihi zaidi mtoto wao anajua nini na hajui nini. Hili ni jambo zito. Wengi wetu tunajua mtoto wetu yuko darasa la ngapi. Je, tunajua kama anaweza kugawanya 36 kwa 4 bila kusaidiwa?

Baadaye jaribio la namna hiyo lilirudiwa katika nchi 5, nazo ni India, Kenya, Nepal, Ufilipino na Uganda, katika kaya zaidi ya 16,000. Matokeo yalikuja kwa mwelekeo ule ule: simu ya mwalimu ilisaidia sana kuliko ujumbe mtupu. Tena ilidhihirika kwamba walimu wa kawaida wa serikali waliweza kuifanya kazi hiyo vizuri kama wafanyakazi wa mashirika.

Simu ya dakika tano

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Nchini Kenya lilifanyika pia jaribio jingine kwa wanafunzi wa shule za binafsi za karo ndogo, ambako walimu walipiga simu za kama dakika 5 kila juma. Hapo hakukuonekana tofauti yoyote kati ya waliopigiwa na wasiopigiwa.

Basi mtu asitoke hapa akidhani kwamba simu ina miujiza. Dakika 5 katika desturi yetu hazitoshi hata kumaliza salamu: hujambo mama, habari za nyumbani, wazee hawajambo, na muda umekwisha. Kumwuliza mtoto kunataka utulivu. Kunataka kumngoja afikiri, kumwacha akosee, kumwuliza amefikaje hapo, na kumrudisha nyuma hatua moja pale msingi wake ulipokatika. Ukimpigia mtoto simu ili useme umempigia, umejiridhisha nafsi yako, lakini yeye hujampa kitu.

Njia hii ni ya kwetu

Wazee wangu, haya yanayotoka katika tafiti za leo si mageni kwenu hata kidogo. Nani kati yetu aliyesoma chuoni asiyejua utaratibu wake? Watoto 40 wameketi mkekani, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja anasoma mahali pake kwa sauti. Mwalimu anamwita mmoja mmoja. Mtoto anaketi mbele yake, anasoma, mwalimu anasikiliza. Akikosea herufi anasimamishwa na kusahihishwa. Akiwa hajashika, anarudishwa pale pale kesho, hata kama mwenzake wa umri wake amekwisha kwenda mbele. Hapandishwi kwa sababu mwaka umekwisha. Hupandishwa kwa sababu ameweza. Na mwalimu anajua kila mmoja amefika wapi.

Katika elimu hiyo hatukuridhika kamwe na mtoto kutazama kitabu peke yake, tukijua kwamba jicho linaweza kupita juu ya herufi na ulimi usijue kuitamka. Ilikuwa lazima awepo wa kumsikiliza. Basi kwa nini katika hesabu, Kiingereza na sayansi turidhike kumpa mtoto kitabu, au redio, au simu, na kumwacha peke yake? Utaratibu tulioulinda chuoni tungeupeleka hadi sebuleni kwetu, mwaka 2020 usingetuumiza kiasi kile.

Gharama ya kutouliza

Nimesema kwamba Uganda ilifunga kwa muda mrefu kuliko wengine. Wanafunzi walioguswa ni wapatao milioni 15. Mwaka 2021 Mamlaka ya Taifa ya Mipango ya nchi hiyo ilikadiria kwamba huenda wanafunzi 30 katika kila 100 wasirudi shuleni tena. Wavulana waliingia katika vibarua, mashamba na uchimbaji. Wasichana wengi walipata mimba au kuozwa. Walimu wa shule za binafsi waliokosa mishahara walitafuta riziki nyingine, wengine wasirudi tena darasani. Na mambo haya hayakuwa ya Uganda peke yake. Kila nchi yetu iliyaona kwa kadiri yake.

Ndugu zangu, mtoto haachi shule kwa siku moja. Huanza kwa kukosa mtu wa kumwuliza. Juma la kwanza anafungua daftari, juma la pili analiweka, mwezi wa tatu anapata vibarua na kuonja pesa, na mwezi wa sita akiambiwa shule zinafunguliwa anaona haya kuketi na wadogo zake. Kwa nje inaonekana ni maradhi yaliyomtoa shule. Kwa ndani, kuna uzi uliokuwa ukimfunga na elimu, na uzi huo ulikatika pole pole bila mtu wa kuushika. Wale watoto wa Botswana hawakupewa shule kwa dakika 20 za juma. Walipewa habari kwamba bado wao ni wanafunzi, na kwamba yuko mtu anayengoja jibu lao.

Nini kitupasacho

Kwa hiyo naomba tuondoke hapa na mambo matano tunayoweza kuyatenda bila kungoja ufadhili wa mtu.

Kwanza, namba za simu. Kila mwalimu wa shule na wa madrasa awe na daftari lenye namba ya mzazi au mlezi wa kila mtoto, na namba ya jirani kwa yule asiye na simu. Daftari hilo liandikwe sasa, wakati watoto wapo. Botswana waliwahi kwa sababu walikusanya namba kabla ya mlango kufungwa. Nchi ya Sierra Leone nayo, iliyokuwa imefundisha kwa redio wakati wa Ebola mwaka 2014 na 2015, ilifunga shule mwisho wa Machi 2020 na katika muda wa juma moja masomo ya redio yakaanza kusikika. Aliyejiandaa hahitaji kutafuta mlango gizani.

Pili, kila mtoto awe na mtu wake wa kumwuliza. Si lazima awe baba au mama. Anaweza kuwa kaka, shangazi, bibi au kijana wa mtaani aliyemaliza kidato cha nne. Dakika 20, mara moja kwa juma kwa uchache, bila televisheni na bila haraka. Na mzazi asiyejua kusoma asijitoe katika jambo hili. Mwambie mtoto: nisomee, kisha nieleze kwa maneno yako. Atakapobabaika utajua, kwa maana anayeelewa hueleza. Mama asiyejua herufi moja anaweza kuwa muulizaji bora kuliko baba mwenye shahada asiyekuwepo nyumbani.

Tatu, tuanzie pale mtoto alipo. Mtoto wa darasa la tano asiyejua kutoa hesabu ya kukopa, usimlazimishe sehemu za desimali kwa kuwa ndivyo ratiba inavyosema. Mrudishe kwenye kutoa, bila kumdhihaki. Chuoni hatumcheki anayerudia ukurasa.

Nne, chombo kilichopo kitumike kwa uadilifu. Nyumba nyingi zina simu moja au redio moja, na mara nyingi chombo hicho huwa mkononi mwa mvulana huku binti akiwa jikoni. Zamu ziwekwe, na zamu ya binti iheshimiwe. Na wasio na redio wakusanywe kwa jirani aliye nayo, kwa makundi madogo, awepo mtu mzima wa kusimamia, kama walivyofanya Zambia.

Tano, tuwatafute walioachwa njiani. Hili ndilo la haraka kuliko yote. Katika mitaa yetu wapo vijana ambao shule yao ilikoma mwaka 2020, nao leo wana miaka 18 au 20. Tunapishana nao kila siku na hatuwaulizi. Tanzania Bara, tangu Novemba 2021, serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurudi katika shule za mfumo rasmi, na miongoni mwao ni mabinti waliojifungua. Kenya nayo ina mwongozo wa kuwarudisha mabinti wa namna hiyo tangu miaka ya 1990. Mlango umefunguliwa na wenye mamlaka. Isije ikawa ni sisi wazazi, kwa aibu zetu na maneno ya barazani, tunaousimamia na kuuzuia. Binti aliyepotelewa na miaka miwili hakupotelewa na akili yake. Anahitaji mtu wa kumwendea na kumwuliza: ulifikia wapi? Unataka kuendelea?

Wapendwa ndugu zangu,

Haya yote hayapunguzi hata chembe haki ya watoto wetu kupata shule nzuri, walimu wanaolipwa na vifaa vinavyofaa. Tuyadai hayo bila kuchoka. Lakini wakati tunayadai, mtoto anakua. Mwaka mmoja wa mtu mzima ni mwaka tu. Mwaka mmoja wa mtoto wa miaka saba ni kujua kusoma au kutojua.

Basi leo jioni, ukifika nyumbani, kabla ya kuuliza kama chakula kiko tayari, mwite mmoja wa watoto wako. Usimwulize amepata alama ngapi. Mwambie alete daftari, aketi karibu nawe, akusomee alichojifunza leo na akueleze. Msikilize mpaka mwisho. Kesho fanya hivyo kwa mwingine. Ikitokea siku mlango wa shule ukafungwa tena, Mwenyezi Mungu atuepushie, mlango wa elimu utakuwa bado uko wazi ndani ya nyumba yako.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wasikilizaji wema wa watoto wetu, awazidishie walimu wetu subira, na awarudishie waliopotelewa na njia. Amin.

Wassalaam.